Maziwa ya Nyumba Yenye Msiba

Asubuhi iliyofuata baada ya mama mkwe wangu kufariki, uwanja wetu ulijaa viti vya kuazima na watu waliokuja kutupa pole. Katikati yao akaingia mwanamume mwenye koti jeupe, kikapu mkononi. Akanipa mkono, kisha akauliza, "Maziwa ya asubuhi yako wapi, shemeji?"

Nikamwonyesha ndoo. Akachuchumaa kando ya banda, akatoa vichupa vyake, akachanganya maziwa kidogo na spiriti, akatikisa, akainua kichupa kwenye mwanga. Akaniuliza kama kuna ng'ombe aliyepewa dawa wiki hiyo. Nikasema hakuna. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, lakini hakuacha kupima.

Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa amefika kutoka safari ya mbali, alishika kiuno. "Jamani! Mwili bado uko ndani na nyinyi mnapima maziwa?"

"Ndiyo, shangazi," nikamjibu. "Mwenyewe angetaka hivyo."

Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza. Naandika sasa ili aelewe yeye, na wajukuu wetu, na wale wanachama wapya wa chama chetu cha ushirika cha wafugaji waliomkuta mama mkwe akiwa tayari bibi wa kukaa barazani na kitambaa chake cha kushona. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa miaka mingi chini ya paa la mwanamke huyu. Kalamu ikiyumba mahali, msomaji anisamehe. Bado ni mapema.

Nilipoolewa nilikuja na cheti cha kidato cha nne na mikono isiyojua kukamua. Mama, maana hivyo ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza, alinikalisha kwenye kigoda chini ya ng'ombe wa kahawia na kusema, "Usimwogope. Yeye ndiye anayekuogopa wewe." Ng'ombe akanipiga teke, ndoo ikaenda upande wake na mimi upande wangu. Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Basi nimekosea," alisema. "Hakuogopi hata kidogo."

Alikuwa mjane kwa muda mrefu. Alimlea mume wangu kwa maziwa ya ng'ombe wawili, yaliyokuwa yakipelekwa kila asubuhi kwenye kituo cha chama. Kituo chenyewe ni chumba cha matofali chenye sakafu ya saruji inayoteleza, tanki kubwa la kupozea linalonguruma kutwa, na mlango mmoja ambapo mpokeaji husimama na kupima dumu la kila mtu kabla ya kulimimina. Maziwa ya wote huingia tanki moja. Ndiyo raha ya ushirika, na ndiyo hatari yake. Dumu moja bovu linaharibu jasho la watu wote.

Wanachama walimchagua Mama kuwa mwenyekiti bila yeye kugombea. Kabla ya hapo alikuwa maarufu kwa jambo moja tu: hakuruhusu mtu kuruka foleni pale kituoni, awe nani. Walimwita Bibi Foleni. Siku moja alimrudisha nyuma mwenyekiti wa wakati huo, mbele ya watu, na yule mwenyekiti akarudi huku anacheka kwa aibu. Uchaguzi ulipofika mtu akapaza sauti, "Tumpe Bibi Foleni, atupange sote!" Mikono ikainuka ukumbi mzima.

Aliporudi nyumbani hakuwa na furaha. Alikuja na kijitabu cha masharti ya chama, akanipa. "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee."

Kila jioni baada ya sala nilimsomea kurasa mbili tatu huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye majukumu ya viongozi alinisimamisha. Pale paliandikwa kwamba kiongozi atatumikia chama kwa uaminifu na uangalifu, hatajipatia faida kwa nafasi yake, na akivunja masharti kwa kujua, hasara itakayotokea itakuwa juu yake mwenyewe na mali yake.

"Mali yake ipi?"

"Yake, Mama. Shamba, ng'ombe, chochote."

Akaangalia dirishani kuelekea bandani. "Kumbe waliponiinulia mikono walikuwa wanawaangalia ng'ombe wangu." Tulicheka, lakini usiku ule sala yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Alishika uongozi vipindi viwili. Sitasema hakukosea, maana habari hii yote ni ya kosa lake. Ila alikuwa mtu wa kunyooka. Chama kilipotaka geti jipya, mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alipeleka bei yake kama mafundi wengine. Kikao kilipofika hapo Mama akasimama. "Huyu ni mwanangu. Sikai kwenye maneno haya." Akatoka, akakaa nje juani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka wakamwita. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Mume wangu alinuna mwezi mzima.

"Ungenisemea hata neno moja, Mama!"

"Ningekusemea, halafu kila ukilala ungekuwa unajiuliza kama ulipata kazi kwa mikono yako au kwa mdomo wangu."

"Ningelala vizuri tu. Na hela mfukoni."

Geti lile la yule fundi mwingine mpaka leo likifunguliwa linalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na mume wangu kila akipita pale hutabasamu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika mwaka wake wa kwanza wa uenyekiti, mwanachama mmoja alifiwa na mtoto. Ng'ombe hajui msiba. Kiwele kikijaa lazima akamuliwe. Asubuhi ya mazishi baba yule akaja kituoni na dumu lake, macho yamevimba, akasimama kwenye foleni na watu wote. Alipofika mlangoni, mpokeaji akachota maziwa kidogo kama ilivyo kazi yake, akaanza kumuuliza maswali ya kila siku: umekamua saa ngapi, kuna ng'ombe wa dawa? Yule baba akashindwa kujibu.

Mama alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Akamshika mpokeaji mkono. "Mwache. Leo usimpime. Mimina tu, aende akamzike mwanawe."

Mpokeaji huyo ndiye yule wa koti jeupe niliyemtaja mwanzoni. Watu walimwita Spiriti kwa sababu ya kichupa chake, na yeye mwenyewe alikuwa mlokole asiyegusa hata bia. Alimimina. Watu wakamsifu Mama kwa huruma yake, na kweli ilikuwa huruma. Lakini siku nyingine mwanachama mwingine alifiwa, na watu wakasema, "Kama tulivyofanya kwa yule." Ikawa hivyo, tena na tena. Jirani wanaenda kukamua kwa aliyefiwa, wanaleta maziwa, Spiriti anainamisha kichwa na kumimina bila kupima wala kuuliza. Nyumba yenye msiba haipimwi. Hakuna aliyeliandika jambo hilo, na hakuna aliyekumbuka kwamba masharti yanasema kila dumu lipimwe, liwe la nani. Sijui chama kingine chochote kilichowahi kufanya hivyo. Kwetu lilikuwa jambo la kujivunia.

Vipindi vyake vikaisha, akamkabidhi ofisi mwenyekiti mpya, fundi cherehani mmoja mpole ambaye futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Mama akarudi kwenye ng'ombe wake, akaniambia, "Sasa nitalala."

Hakulala sana. Katika mwaka ule ule mwanachama mmoja alifiwa na baba yake. Ng'ombe wake mmoja alikuwa anaumwa kiwele, amechomwa sindano, na maziwa yake hayakutakiwa kuuzwa mpaka dawa iishe mwilini. Mwenyewe alijua, lakini alikuwa anahangaika na mazishi. Jirani yake hakujua. Alikuja kwa moyo mwema, akakamua wote, akamimina pamoja, akapeleka. Mlangoni Spiriti akampa pole. Kama angepima, maziwa ya kiwele kinachoumwa yangeganda vipande kwenye spiriti. Kama angeuliza, jirani angerudi kuuliza nyumbani. Hakupima, hakuuliza. Yakaingia tankini.

Kiwanda kikakuta dawa kwenye maziwa yetu. Wakamwaga mzigo wote, wakasimamisha kupokea kutoka kwetu mpaka wajiridhishe. Kwa wiki kadhaa tulikamua na kuwapa ndama, majirani, na paka ambao walinenepa mpaka wakashindwa kupanda ukuta. Watoto waliwacheka paka, wakubwa hawakucheka. Kuna watu walikuwa wanaishi kwa malipo yale.

Mkutano mkuu wa dharura ukaitishwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwenyekiti mpya alikuja kwetu na kukaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Una jambo, kunywa kwanza chai."

Hakunywa. "Watu wana hasira. Kamati imeona kwamba aliyekosea ni mpokeaji. Ataachishwa kazi na kulipa hasara. Ana ile nyumba yake ndogo, ataiuza. Nimekuja kukuomba tu, Mama, wewe umeshatoka. Hili halikuhusu tena. Ukikaa kimya litaisha kesho hiyo hiyo."

Mama alimsindikiza mpaka njiani kwa adabu, akarudi, akakaa. Mume wangu alimjua mama yake.

"Mama, usiseme kitu kesho. Ukisema watachukua ng'ombe."

"Ng'ombe ni wa Mungu. Mimi nakamua tu."

"Basi Mungu aje alipe na ada za watoto."

"Hajawahi kukosa kulipa," alisema Mama. Halafu akanigeukia. "Mwanangu, na wewe unasemaje?"

Niliogopa. Yule ng'ombe wa kahawia ndiye aliyekuwa anatoa maziwa mengi, na watoto wetu walisoma kwa hayo. Nikasema tu kwamba Spiriti ana mke na watoto na hawana pengine pa kwenda. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa anakijua tayari, akaenda chumbani. Nilimsikia akisali. Sikusikia maneno.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mbele walikaa wanakamati, na pembeni yao afisa ushirika kutoka ofisi ya wilaya, mama wa makamo mwenye miwani. Spiriti alisimamishwa katikati. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Kwa nini hukupima?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilifanya tunavyofanya siku zote nyumba ikiwa na msiba."

Mtu akafoka kutoka nyuma, "Siku zote iko ukurasa wa ngapi? Tuonyeshe kwenye masharti!"

"Auze nyumba atulipe!" akadakia mwingine.

Mke wa Spiriti alikuwa dirishani nje, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Niliona vidole vyake vimeshika nondo za dirisha.

Mama akasimama. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Mama, kaa tu. Wewe umeshapumzika."

"Nimeacha kiti. Nilichosema nikiwa kwenye kiti bado kipo, na ndicho kinachommaliza huyu." Akaelekea mbele taratibu, goti lilikuwa linamsumbua. "Aliyesema maziwa ya msiba yasipimwe ni mimi. Niliyasema mlangoni pale, mbele yenu, na nilikuwa nimesomewa masharti, nayajua. Nilimwonea huruma mtu mmoja nikasahau nyinyi wote. Na baada ya siku ile nilikuwa na miaka ya kurekebisha, nikaacha, kwa sababu mlinisifu na mimi nikapenda kusifiwa. Huyu ni mwajiriwa. Mwenyekiti wake, yaani mimi, alimshika mkono. Angefanya nini, amng'ate?"

Watu wakacheka bila kutaka. Mwanachama aliyefiwa na baba akainuka akilia. "Ni ng'ombe wangu, Mama. Nilijua ana sindano."

"Ulikuwa unazika mzazi. Kaa chini, mwanangu."

Mwenyekiti alijifuta jasho kwa ile futi yake ya shingoni. Akamgeukia afisa ushirika, nadhani akitumaini atasema kwamba aliyekwisha kutoka madarakani hahusiki.

Afisa alivua miwani. Alizungumza bila kupaza sauti. Alisema kiongozi wa ushirika si mtu wa kubebeshwa kila hasara. Akiamua kwa nia njema, ndani ya masharti, baada ya kuangalia vizuri, na mambo yakaharibika, hiyo ni bahati mbaya ya chama kizima. Lakini akijua sharti na akaliacha, hapo anasimama yeye na mali yake, na kutoka ofisini hakumfutii alichofanya akiwa ofisini. "Na aliyeingia baada yake," akaongeza, akimwangalia mwenyekiti, "akakuta kosa na kulifumbia macho, naye amelichukua. Mtumishi aliyefuata amri iliyozoeleka ya wakubwa wake hawezi kuuziwa nyumba yake ili wakubwa walale."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Namshukuru naye, maana angeweza kubishana. Akasema, "Ni kweli. Nilikuta, nikaacha. Nami nilizika mjomba wangu mwaka huu na maziwa yangu hayakupimwa."

Wanachama walijadiliana mpaka jua likaanza kuingia kwa madirisha ya upande wa pili. Spiriti akaachiwa kazi yake. Hasara ikagawanywa: sehemu ikabebwa na chama kwa kuwa wote tulipiga makofi kwa miaka, na sehemu ikawa ya Mama, mwenyekiti na kamati. Mzee mmoja akasema Mama asamehewe yote, mjane huyu. Afisa akasema mkutano una uwezo wa kumpunguzia. Wakampunguzia. Nilidhani atakataa kwa ukaidi wake. Akasema, "Nashukuru, sikatai. Mimi si malaika." Hapo ukumbi ukacheka kwa raha kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kabla ya kufunga, Spiriti aliomba kusema. Alisema yeye anajua kwa nini Mama alisema lile neno, na hataki lipotee lote. "Nyumba yenye msiba isije kwenye foleni. Nitawafuata huko huko na vichupa vyangu, nipime uwanjani kwao, niwaulize taratibu, nibebe mwenyewe." Wakakubali kwa mikono, na safari hii afisa akasimamia iandikwe kwenye masharti.

Kilichobaki juu ya Mama kilikuwa bado kikubwa kuliko tulichokuwa nacho. Akaamua kumuuza ng'ombe wa kahawia.

Mnunuzi alikuja asubuhi, akamzunguka ng'ombe, akamshika mgongo, akaridhika. Mama akamwambia, "Anapiga teke akikamuliwa na mgeni. Na chuchu ya nyuma kulia iliwahi kuumwa, ilipona."

"Mama, unauza au unanifukuza?"

"Nakuambia unachonunua."

"Wenzako huwa wanaficha."

"Ndiyo maana tanki letu zima lilimwagwa," Mama akasema. Yule mtu hakuelewa, lakini alitoa bei aliyoahidi bila kupunguza, akamfunga kamba, wakaondoka. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta. Nilipomtazama niliona analia. Alimwendea mama yake, akampigia magoti kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulala, na Mama akamwekea mkono kichwani. Hawakuombana msamaha. Mimi nilishukuru Mungu kwamba nimeolewa katika nyumba ile.

Mchana nilimkuta Mama bandani peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, mikono mapajani, anaangalia upande ulio mtupu. Kisha mke wa Spiriti akaingia. Alikuwa amekuja kusema asante, naona, lakini alipoona lile banda akachukua fagio lililoegemea mlango, akaanza kufagia sehemu ya ng'ombe aliyeondoka. Alifagia kwa nguvu, akakusanya samadi, akamwaga maji, akasugua saruji mpaka ikabadilika rangi.

"Inatosha, mama," Mama akamwambia. "Ukisugua hivyo ng'ombe mwingine atakayeletwa na Mungu ataogopa kujisaidia."

Yule mwanamke akasimama na fagio mkononi, akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka kilio. Mama akainuka, akamshika bega, wakatoka pamoja kwenda kuteka maji ya chai, na mimi nikaenda kuwasha moto.